Nyanya za Kuncho Hazijui Dawa

Kijiji cha Dolno Vranovo hakikuwa na daktari wa watu, lakini wa mimea kilikuwa naye: Kuncho, mkuu mstaafu wa stesheni. Treni ziliacha kusimama kwenye stesheni yake miaka kumi kabla hajastaafu, kwa hiyo alikwishazoea kutoa amri pasipokuwa na wa kuitii. Alipostaafu, akazihamishia amri hizo kwenye bustani za watu. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi mpaka wakati wa chakula cha mchana aliketi kwenye meza ya plastiki mbele ya duka, karibu na nguzo inayobandikwa matangazo ya vifo, kahawa mkononi, na watu wakamletea majani yao yaliyougua.

Magonjwa yalikuwa mengi, tiba ilikuwa moja. Jani limejikunja kwa vidukari? Mchuzi. Chenene wamekata mizizi ya pilipili? Mchuzi. Wale wadudu wa mistari wametafuna viazi wakabakiza vijiti? Mchuzi, tena mzito. Mchuzi wenyewe ulikuwa majani ya kuwasha yaliyolowekwa kwenye pipa kwa wiki mbili, mpaka harufu yake ikawafanya hata mbwa wabadilishe njia.

"Nyanya zangu hazijui dawa," Kuncho alipenda kusema. "Tangu mbegu mpaka saladi."

Na kweli, nyanya zake zilikuwa kubwa, za waridi, hazina doa. Aliyejua kwa nini alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mke wake, Dochka.

Dochka alificha bomba la kupulizia dawa kwenye chumba cha chini, nyuma ya mitungi ya kabichi. Kila baada ya siku kumi, na mapema zaidi mvua ikinyesha, Kuncho alipopinda tu kona kwenda kwenye kahawa yake, mkewe alikoroga mrututu, ile chumvi ya shaba ya samawati, na chokaa ndooni, akachuja kwa soksi ndefu kuukuu, akabeba bomba mgongoni na kupita mstari kwa mstari. Kuncho alipokuja kula, supu ilikuwa mezani na mikono ya Dochka ilikuwa imesuguliwa kwa siki.

Mwaka wa kwanza Kuncho aliona madoa ya rangi ya samawati kwenye majani. Dochka alikuwa ameshaandaa uongo. Hakuuhitaji. Mumewe aliinama, akagusa, akanusa, akainuka na uso wa mtu aliyegundua jambo.

"Unaona, Dochka? Majani yanatoa jasho! Mchuzi unasukuma ugonjwa nje!"

Kesho yake duka zima lilikuwa na habari ya jasho.

Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu ilikuwa mwaka ule ule treni zilipoacha kusimama. Kuncho alikuwa akirudi nyumbani na kofia yake ya kazi, anaketi jikoni bila kuivua, anatazama saa ya ukutani. Pipa lile ndilo lililomwinua kwenye kiti. Dochka aliona kwamba mwanaume aliyenyang'anywa treni aachiwe walau pipa. Alidhani ni kwa msimu mmoja. Ikawa miaka ishirini na miwili.

Jirani yao, Velika, hakuwa na habari ya mambo haya. Alikuwa mjane. Mumewe alipokuwa hai alipulizia bustani mwenyewe na hakutaka kuulizwa. Alipofariki, Velika akamwendea Kuncho, akapewa mchuzi, akaamini. Kwa miaka saba nyanya zake zilipendeza mpaka katikati ya Julai, kisha zikawa nyeusi kama zilizomwagiwa maji ya moto, naye akazing'oa na kuzichoma. Kila mara Dochka alimpitishia beseni mbili za nyanya juu ya uzio, na kila mara Velika alimbusu mashavuni, halafu akaenda dukani kumshukuru Kuncho.

Mwaka huu Velika alipanda miche mia tatu. Alikuwa amekubaliana na mtu wa mjini kumpikia lyutenitsa, ule urojo wa nyanya na pilipili za kuchoma, chupa kwa mamia, apate kuezeka upya paa lililokuwa likimvujia kitandani. Miaka sitini na minane, mgongo wake haukunyooka tena, lakini alipanda zote kwa mkono wake.

Juni ikaja na mvua ya siku tisa. Kisha joto, na ukungu mpaka adhuhuri. Siku chache baadaye Dochka alikuwa dukani kununua mkate, Velika alipofika na jani lenye madoa ya kahawia.

"Mzee Kuncho, hebu nitazamie hili."

Kuncho aliliinua juani. "Hofu ya bure, mama. Mmea wako una huzuni. Umeupa mchuzi?"

"Kila baada ya siku tatu."

"Basi upe kila siku."

"Ukiupa kila siku, huzuni itatuhamia sisi," alisema Rusi, mwenye duka. "Juzi upepo uligeuka nikafunga milango."

Watu wakacheka. Velika hakucheka. Alimgeukia Dochka, akamshika kiwiko.

"Dochka, wewe unaishi naye. Niambie ukweli. Ni mchuzi tu?"

Dochka alimtazama mumewe. Kuncho alikuwa akitabasamu, kidevu juu, kama mtu anayengoja treni iingie kwa wakati wake.

"Mchuzi tu," alisema.

Akarudi nyumbani na mkate wake. Kupitia uzio alimwona Velika akibeba ndoo ya ule uvundo, hatua tatu, anapumzika, hatua tatu, anapumzika. Dochka alijaribu kumenya viazi, akajikata kidole. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akatupa kisu, akashuka chumba cha chini, akakoroga ndoo nzima, akatoka na bomba mgongoni kupitia lango la mbele, mchana kweupe, hakulifunika hata kwa kitambaa cha jikoni.

Alikuwa amemaliza mistari minne ya nyanya za Velika wakati Kuncho alipotokea njiani akija kula.

"We Dochka! Unafanya nini? Hiyo ni sumu!"

"Ndiyo unayokula kwenye saladi miaka ishirini na miwili, na umenenepa."

Kuncho alisogea mpaka kwenye uzio. Akatazama bomba, mikanda yake iliyochakaa na kushonwa upya mara tatu kwa uzi wa mashati yake mwenyewe. Akatazama bustani yake ng'ambo ya uzio. Akaingia nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akajipakulia supu mwenyewe.

Velika alikuwa amesimama mwisho wa mstari, ndoo mkononi.

"Kwa hiyo asubuhi dukani ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na mwaka jana? Na mwaka ule niliolia hapa hapa, ukanishika bega?"

"Pia." Dochka alijifuta uso, akajipaka samawati mpaka kwenye paji. "Sikutaka aaibike, Velika. Ungemwona mwaka ule. Hakuwa na kitu kingine."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Dochka alirekebisha mkanda wa bomba begani.

"Kuncho simlaumu," alisema Velika. "Kuncho ni mjinga, anaamini kila anachosema, na mjinga unamsamehe ukimwona. Lakini wewe ulikuwa unajua. Unanipa beseni mbili, nami nakubusu."

Aliweka ndoo chini. Akamzunguka Dochka, akamfungua mikanda kifuani, akalivuta bomba na kulipachika kwenye mgongo wake mwenyewe uliopinda.

"Mrututu kiasi gani kwa lita kumi?"

"Gramu mia. Na chokaa gramu mia. Velika, acha nimalizie mimi, ni zito."

"Kila baada ya siku ngapi?"

"Kumi. Mvua ikinyesha, saba."

"Haya. Nimesikia. Nenda kwako sasa."

Akaanza mstari wa tano.