Bibi Aliponiomba Mtoto

Usiku ule nililala nimemkumbatia mwanangu Hamisi kama mtu anayeaga, maana kukicha mama mkwe angekuja kumchukua akamlee kwake. Nilikubali mwenyewe. Tangu nijifungue, hofu ilikuwa ikinivamia ghafla, moyo unadunda, mikono inatetemeka, nami nikaamini kwamba iko siku nitamwangusha.

Nikajikuta jikoni kwa Bibi, mzaa mama, ambaye tulishamzika. Amekalia mbuzi, anakuna nazi, na nazi inadondoka kwenye sinia bila sauti. Hamisi yuko mikononi mwangu.

"Rehema," akaniita, wala hakugeuka.

Sikuitika. Bibi huyohuyo ndiye aliyetufunza utotoni: marehemu akikuita ndotoni usiitike, akikuomba kitu usimpe, utamfuata.

Mara si jikoni tena, ni chumba cha mshauri wangu wa hospitali, na Bibi amekaa kwenye kiti cha mshauri. Amenyoosha mikono.

"Nipe mtoto."

Niliogopa mpaka meno yakagongana. Natafuta mlango, haupo. Pumzi inakatika. Hapo nikakumbuka mazoezi niliyofundishwa katika chumba hichohicho, ambayo nyumbani niliyafanya kwa aibu, mume wangu akinitania kuwa nimegeuka bata, kila saa uso kwenye beseni la maji baridi. Kanyaga sakafu uisikie. Taja unachokiona. Toa pumzi taratibu. Hofu usipigane nayo, isubiri ipite.

Nakanyaga. Sakafu ya baridi. Naona kanga ya Bibi. Naona nazi imemganda vidoleni. Naona utosi wa mwanangu unavyopwita. Hofu haikuondoka, ila nami sikuondoka.

"Simtoi," nikasema.

"Mikono inakutetemeka."

"Inatetemeka, Bibi. Simtoi."

Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Nilikuwa nimekisahau, na kilinitia uchungu.

"Mimi maiti umeninyima, kwa mikono hiyohiyo inayotetemeka," akasema. "Basi kesho unamtoa kwa nini?"

Nikaamka nimelowa jasho, kumekucha, na mlangoni mtu anabisha hodi. Moyo ulikuwa ukienda mbio vilevile. Nikachovya uso kwenye beseni, nikangoja kidogo, nikambeba Hamisi, nikafungua.

Mama mkwe alikuwa amesimama na kikapu cha kuwekea nguo za mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watetemeka hivyo? Hebu nipe mtoto."

Nikakanyaga sakafu, nikaisikia.

"Naogopa, mama," nikamwambia. "Karibu ndani, ukae nasi. Ila mtoto simtoi."