Sauti Iliyomngoja Bibi Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa mjini Ibra, sikupewa hata uzi wa ala nishike. Bi Zuwena, mkuu wa kikundi chetu cha taarab cha wanawake, alinipa nyaya za spika nizikunjue. "Sikio kwanza, mwanangu. Mkono utakuja wenyewe." Mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi, nilipewa baadaye, tukawa tunazunguka na harusi mji kwa mji: Sinaw, Izki, mpaka Sur. Kazi yangu ilikuwa kutetemesha, yaani risha ya kupigia nyuzi inakwenda mbio juu chini ili sauti ndefu isikatike.

Basi ikaja harusi ya Nizwa. Bibi harusi, Thuraya, alisoma Marekani, akataka aingie ukumbini kwa solo, mandolini peke yake, ya blugrasi, muziki wa banjo na mandolini wa milimani kule. Tena ile yenye huzuni ya bluzi, nyimbo za majonzi za huko huko! Bi Zuwena akakubali, ndo akanigeukia mimi. "Ukimharibia kuingia kwake, Nizwa hawatuiti tena."

Usingizi ukaniruka. Nilisikiliza video mpaka mama akanifungia mlango. Utamu wote uko kwenye sauti moja: unaigusa chini ya mahali pake, inanung'unika, halafu kidole kinateleza kuipandisha. Mimi nikifika hapo, mkono unatetemesha wenyewe.

"We! Unakuna nazi?" Bi Zuwena akanipigia kelele. "Piga, uwache."

"Nikiwacha panakuwa kimya, bibi. Naogopa."

"Ndo hapo penye huzuni. Ngoja."

Siku yenyewe, mlango ulipofunguliwa, nikashika risha. Nilianza vizuri. Nilipofika pale, kidole kikaganda kwa hofu, hakikupanda. Sauti ikabaki chini, peke yake. Thuraya akasimama katikati ya zulia. Ya Rabbi, nimekwisha! Nikamtazama: midomo inamtetemeka. Kumbe naye anaogopa. Nilimhurumia hata nikajisahau. Kidole kikateleza juu taratibu, naye akavuta mguu, akatembea.

"Nani kakufunza kungoja vile?" Bi Zuwena aliniuliza tukikunja nyaya.

"Hofu, bibi."

"Basi usiiwache."

Sasa nimestaafu, mtacheka, na ujana wangu huu. Niko mapokezi ya kliniki hapa Ibra, na daktari hataki mtu wa kusinzia asubuhi kwa ajili ya harusi. Sugu za vidole zimelainika. Lakini nyie mnaoanza kupiga, nakwambieni: mgonjwa akisimama mlangoni anaogopa kuingia, simwiti. Nangoja. Chini ya meza kidole changu kinateleza, taratibu, mpaka avute mguu.