Mama Aliyetufichia Majembe

Habari ilinikuta kwa kinyozi, hapa Kakoba mjini Mbarara, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Yule mama mkimbizi wa kutoka Fizi, Kongo, aliyekuwa akipokea wageni kwenye shamba la farasi kupita Ruti, amefariki huko Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kinyozi alizima mashine akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Nikasema hapana, halafu nikajishangaa mbona machozi yananitoka kwa mtu niliyekaa kwake siku chache tu. Wasomaji wangu wa zamani mnanijua: silii ovyo, na misibani huwa najisogeza karibu na masufuria. Leo nivumilieni nimlilie mama huyu, na tukicheka kidogo njiani, yeye mwenyewe asingekasirika.

Shamba lenyewe ni la mzee mmoja Munyankore mwenye ng'ombe wa pembe ndefu na farasi wachache. Alibuni biashara ambayo mara ya kwanza kuisikia nilidhani ni utani: mtu anatoka mjini, analipa, kisha anapewa kazi. Asubuhi anakama ng'ombe, anazoa samadi, anapalilia migomba; jioni anapanda farasi na kuzunguka vilimani. Eti hiyo ndiyo likizo! Nilipomwambia bodaboda wangu anipeleke, alizima pikipiki kabisa ili acheke vizuri. "Wewe nalipa pesa kwenda lima? Kuja kwangu, mimi napa wewe shamba bure!" Mke wangu hakucheka. Aliniuliza tu kama nimesahau kwamba majani ya nyuma ya nyumba yetu yanafika magotini. Nikaenda hivyo hivyo, maana mwandishi wa safu asiyetoka nje mwisho wake huandika kuhusu paka wake.

Tulikuwa wageni wanne: mimi, mwalimu mmoja wa kike kutoka Kampala, na wachumba wawili Wazungu waliokuja na mabuti mapya ya mpira. Mama alitupokea kwa maji ya kunawa, samaki, sombe ya majani ya muhogo na bugali wa muhogo, akatuandalia vitanda, akatuuliza habari za nyumbani hadi tukaishiwa. Asubuhi tukaomba majembe. Hakuna. Tukaomba ndoo za kukamia. Hakuna. Ghala limefungwa, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge chake. "Miye niwapatie jembe leo?" alisema kwa mshangao wa kweli. "Batu mumefika jana tu, vumbi ya njia iko bado mu nywele! Mutaenda kusema nini kwenu? Mupande farasi, mukule, mupumuzike." Sote tunajua msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huusema kwa kumtania mgeni anayechelewa kuondoka. Kwake yeye ilikuwa sheria, tena sheria aliyonyonya na maziwa ya mama yake.

Basi tukapanda farasi. Tukapanda asubuhi, tukapanda jioni. Wangu alikuwa na uamuzi wake: akifika penye majani matamu anasimama, na mimi huko juu nangoja kama gunia. Siku ya tatu ghala likafunguliwa, majembe yakatolewa kwa heshima zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuinama. Mapaja yalikuwa yamekufa. Mwalimu alitembea ametanua miguu kama anayevuka mtaro, na wale wachumba walishuka ngazi kinyumenyume. Ndipo mwenye shamba akaja kutukagua. Akakuta mazizi yanang'aa, migomba imepaliliwa, maziwa yako kwenye makopo, na wageni wake wameketi kivulini wakikandwa kwa maji moto. Mama alikuwa akiamka alfajiri na kufanya kazi zetu zote peke yake.

Mzee alifoka. "Mama, hawa watu nalipa kwa sababu ya kazi. Wewe nakula kazi yao yote! Kesho rudi Nakivale." Jamani, nimeona watu wakifukuzwa kwa uvivu, kwa wizi, kwa ulevi. Kufukuzwa kwa kuchapa kazi sana, hilo sijapata kuliona. Nilitaka kucheka, lakini niliutazama uso wa yule mama nikaacha. Alivua aproni, akaikunja. "Patroni, miaka yote hii mugeni ni miye," alisema. "Mugeni wa serikali, mugeni wa mashirika. Nasimama ku mustari, napewa. Fasi ni hii moja tu, hapa njo miye napokea batu. Sasa uniambie: mugeni akifika kwako, unamupa maziwa, ao unamupa ndoo akajikamie?"

Kwa Munyankore mgeni hukaribishwa kwa maziwa; ukimuuliza swali hilo mbele ya ng'ombe wake, umemfunga kamba. Mzee alitazama makopo, akatutazama sisi na miguu yetu, akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka. Wakapatana pale pale: siku ya kwanza ni ya mama, hakuna mgeni kugusa kitu, kuanzia ya pili, jembe. Mama alibaki na kazi yake mpaka alipougua.

Nimelifikiria sana jambo hili. Sisi wa mjini tumefika mahali tunalipia kuonja kazi ambayo babu zetu walituombea tuikimbie, na sioni ubaya, mikono yetu imekuwa laini mno. Ila kule Nakivale watu wanalima tangu jua kuchomoza hadi kuchwa na hakuna anayewaambia wako likizoni. Kazi humpendeza aliye na ruhusa ya kuiacha. Na ukarimu nao, nilidhani ni mzigo wa mwenye nyumba. Kumbe kuna mtu anayeutamani kama wengine wanavyotamani cheo.

Mimi na mwenye shamba tulikwenda kumzika. Mzee alikuwa amepakia garini mikate, soda na maji, kwa nia njema kabisa, kwamba tusiwalemee watu ambao mgao wao wa chakula kambini umepungua. Binti wa marehemu akatufuata mpaka kwenye gari, macho mekundu, mikono ina unga. "Karibuni ndani," akasema. "Chakula kiko." Nilimwona mzee akisita. Kisha akafunga mlango wa gari, akaacha kila kitu humo, tukaingia. Tukakaa mkekani, tukala, tukaongezwa, tukala tena, na kila sahani iliporudi tupu yule binti alisimama wima zaidi. Ukifika kwa mtu ambaye dunia imemfanya mgeni kila mahali, usimhurumie ukiwa mlangoni. Ingia, kaa, ule mpaka ushibe.