Shati Lililofungwa Hadi Kooni

Persis Nyanchera alijaliwa mkono wa kutengeneza matundu ya vifungo. Huo ndio uliompeleka mjini Kisii mwaka wa 1941, alipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi. Hemlata, mke wa mwenye duka moja la nguo, aliona gauni la mtoto ambalo Persis alikuwa ameshona kwa mkono, akaligeuza ndani nje, kisha akamwambia mumewe Lalit kwamba fundi wao wa cherehani hangeweza kutoa tundu kama lile hata akipewa mwezi mzima. Tangu hapo Persis akawa anakaa kwenye baraza ya duka, akimalizia mashati ya watu: matundu, vifungo, pindo. Jioni alitembea kurudi kwao, kwenye mlima ulio juu ya barabara ya Suneka, alikoishi na binti zake wawili na mama mkwe wake, Bitutu.

Mumewe, Abner Ombui, alikuwa mpasua mbao. Yeye na mwenzake Obura, Mjaluo kutoka kando ya ziwa, walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine chini, na msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao kutwa nzima. Kazi hiyo ilikuwa imempa Abner shingo nene kama ya fahali. Persis ndiye aliyemshonea mashati, na kila shati jipya Abner alilalamikia kola.

"Mke wangu, unataka kuninyonga?"

Persis aliongeza kitambaa, lakini wapi. Kifungo cha juu hakikuwahi kufungwa, hata siku ya Sabato kanisani. Mwishowe aliacha kuhangaika nacho.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1947, Abner na Obura walikwenda kupasua mbao milimani, mbele ya Nyamache. Huko askari kanga, kama watu walivyowaita askari wa machifu, walikuwa wakikusanya wanaume kwenda kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Abner aliwaambia kwamba yeye ni mgeni, na zamu yake alikwisha kuimaliza kwao.

"Udongo haumjui mgeni," koplo akamjibu.

"Kweli haumjui," Abner akasema. "Lakini wewe unajua."

Watu waliokuwa pale walicheka. Koplo hakucheka. Abner akafungwa mikono, akapelekwa kambini kwa chifu. Baadaye wengi walisema kicheko kile ndicho kilichomuua, na Persis alikataa kauli hiyo kila alipoisikia. "Kicheko hakina mikono," alikuwa akisema. "Aliyemuua anayo."

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, lori lilisimama chini ya mlima. Askari wawili walipanda wakiwa wamebeba machela, na juu yake mwili wa Abner umefunikwa blanketi. Walisema alijaribu kutoroka akaporomoka kwenye machimbo ya mawe. Walisema pole. Kisha wakasema afadhali azikwe siku ileile, wakashuka bila kunywa hata maji.

Bitutu alikuwa amelala chini akigaragara, na majirani walikuwa wakimiminika kutoka migombani. Wanaume wa ukoo walianza kupima mahali pa kaburi. Persis alipiga magoti kando ya machela akafunua blanketi. Aliona uso uliovimba. Akaona shati la kaki aliloshona mwenyewe mwezi wa Machi. Akamgeuza ubavu kidogo: lilikuwa safi mgongoni, zima viwikoni, hakuna hata uzi uliovutika. Na kifungo cha juu kilikuwa kimefungwa, kola imezama katika nyama ya shingo.

Alikitazama kifungo hicho muda mrefu. Halafu akainua upindo wa shati kidogo, akaona mgongo ulivyovimba mistari mistari, akaurudisha.

"Msichimbe," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Ikabidi asimame na kupaza sauti. Baba mdogo wa Abner akaja akimwambia kwa upole kwamba huzuni imempanda kichwani. Persis akamwonyesha shati. "Baba, mtu huporomoka juu ya mawe shati lake likabaki hivi? Huyu amepigwa akiwa uchi wa mgongo, kisha wakamvisha. Na aliyemvisha hakujua kwamba kifungo hiki hakifungwi. Nataka daktari wa serikali amwone kabla ya udongo."

Hapo Bitutu aliacha kugaragara. Akainuka, akamkazia macho mkaza mwanawe. "Daktari atamkata," alisema. "Wewe unataka mwanangu akatwe kama mbuzi?"

"Mama, nataka waliomuua wasilale."

"Mimi nataka mwanangu alale."

Hilo ndilo neno la mwisho ambalo Bitutu alimwambia kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Persis alikwenda mjini mbiombio. Kando ya duka la Lalit aliketi karani mmoja wa barua, Benard Opondo, mwenye mashine ya chapa iliyopungua herufi moja. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka karatasi.

"Mama, niandike umelia, au niandike umeona?"

"Andika nimeona."

Aliandika kila kitu kwa mpangilio: saa ambayo lori lilifika, maneno ya askari, hali ya shati, hali ya mgongo. Hakuongeza hata neno moja la kulaani. Persis akaipeleka barua bomani, akakaa kwenye ngazi za ofisi ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, na alipoambiwa arudi kesho alijibu kwamba maiti haijui kesho. Alasiri ile gari la hospitali lilikwenda kumchukua Abner. Bitutu alilifuata barabarani kwa miguu hadi lilipopotea, akiita jina la mwanawe.

Abner akazikwa baada ya siku nne, na wazee wengi wa ukoo hawakuja.

Uchunguzi ulifanyika mbele ya hakimu mwezi wa Agosti. Obura alikuja kueleza alivyokamatwa mwenzake. Koplo alieleza habari za machimbo kwa sauti ya mtu anayesoma. Hakimu alimgeukia Persis kupitia mkalimani, lakini Persis alijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha barazani, kisichojali sana ngeli.

"Labda marehemu alivua shati kabla ya kukimbia," hakimu alisema.

"Labda, Bwana. Basi nani alimvalisha? Mimi nilishona hii shati. Miaka tisa nimeishi na hiyo shingo. Haijafunga kifungo hiki hata siku moja."

Daktari alisema mbavu nne zilikuwa zimevunjika, na mistari ya mgongoni ilikuwa ya kiboko, si ya mawe. Koplo akashtakiwa, akafungwa miaka miwili kwa kosa la kumpiga mtu. Askari wengine waliachwa. Chifu alisema siku ile alikuwa safarini, na alibaki kuwa chifu mpaka akazeeka.

Persis alikuwa amedhani kwamba kesi ikiisha, kitu fulani kifuani mwake kitakaa mahali pake. Hakikukaa. Siku ya pili alirudi barazani, akapewa mashati sita, akashindwa kutoboa tundu la kwanza. Mikono ilikuwepo, macho yalikuwepo, ila sindano haikwenda. Hemlata alitoka, akamtazama, akakaa chini kwenye mkeka kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wateja. Alilichukua shati mapajani mwa Persis akaanza kushona tundu mwenyewe. Alilishona vibaya mno; lilitoka kama sikio la mbwa mzee. Persis aliliona akacheka, na katika kicheko hicho machozi ambayo hayakuwa yametoka tangu Juni yakaja, hayakukatika hadi duka lilipofungwa.

Nyumbani Bitutu alimwekea chakula bila neno. Aliwalea wajukuu, akapalilia wimbi, akamwombea Persis dua za juu juu kanisani kama wanavyoombewa wasafiri. Jina lake hakulitamka. Persis naye hakulazimisha. Alijua mama mkwe wake alikuwa ameporwa mara mbili, mara ya kwanza na koplo, na mara ya pili na yeye.

Halafu asubuhi moja mwezi wa Oktoba mwaka wa 1948, Persis akiwa anajiandaa kwenda kazini, Bitutu aliingia na mwanamke mgeni aliyejaa vumbi hadi magotini.

"Nyanchera," Bitutu alisema. "Huyu ametoka Nyamira. Mwanawe ameshikwa siku mbili sasa, na hawamwonyeshi. Amesikia habari zako. Msikilize."

Akatoka nje kwenda kukamua ng'ombe.

Persis hakujua afanye nini zaidi ya kile alichokwisha kukifanya. Alimpeleka yule mama kwa Opondo, barua ikaandikwa, wakaenda kukaa kwenye ngazi zilezile. Kijana alitolewa jioni, mkono mmoja umevunjika, lakini hai. Baada ya huyo wakaja wengine, mmoja mmoja, baadhi kutoka mbali, baadhi wakiwa wamechelewa tayari. Persis hakuwaahidi kitu. Aliwauliza waliona nini kwa macho yao, na mtu alipoanza kusema alichosikia, alimrudisha polepole kwa alichokiona. Waliopoteza mtu aliwaomba wasizike mpaka daktari aje, na hapo ndipo wengi walipomwacha wakaenda zao. Hakuwalaumu. Alijua anawaomba nini.

Bomani walimpa jina la Mama Shati. Baadhi ya maofisa walimwita hivyo kwa dhihaka, baadhi kwa namna ya heshima. Mwaka wa 1953, nchi ikiwa katika hali ya hatari, ofisa mmoja mpya alisema mwanamke huyu anafanya mikutano bila kibali kwenye baraza ya Mhindi, akamweka ndani siku kumi na moja. Alipotoka, Lalit, ambaye alikuwa mtu mwema lakini mwoga, alimwomba kwa aibu asikae tena nje mbele ya watu. Hemlata alikiinua kiti cha Persis akakiingiza dukani, nyuma ya majora ya vitambaa. "Sasa hayuko nje," alimwambia mumewe kwa Kigujarati, na fundi wa cherehani akamtafsiria Persis.

Mwaka wa 1956 Bitutu, ambaye sasa alikuwa akitembelea mkongojo, aliomba kwenda naye bomani. Siku hiyo walikuwa wakimfuatia mwalimu mmoja aliyekamatwa sokoni. Waliketi kutoka asubuhi hadi saa tisa, wanawake wanne, na Bitutu akawagawia ndizi za kuchoma alizokuja nazo. Mwalimu alitoka akichechemea, akapita mbele yao bila hata kuwatazama, akaenda zake. Bitutu alikasirika. Persis akasema mtu akitoka mle huwa hajafika nje bado.

Njiani kurudi walipumzika kando ya kijito. Bitutu aliosha miguu, kisha akasema, huku akitazama maji:

"Daktari yule. Sikuwahi kukuuliza alichokisema."

"Nimekuwa nikingoja uulize, Mama."

"Aliteseka muda mrefu?"

Persis angeweza kusema hapana. Kwa miaka tisa alikuwa amejiuliza atajibu nini siku hiyo ikifika, na mara nyingi alikuwa amechagua hapana.

"Usiku mmoja na nusu siku," alisema. "Daktari alisema mwishoni hakuwa na fahamu. Lakini kabla ya hapo, ndiyo."

Bitutu alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Hakulia. Aliuliza habari za mbavu, na za mgongo, na kama mikono yake ilikuwa imefungwa, na Persis alimweleza yote kama yalivyosemwa mahakamani, bila kupunguza. Waliokuwa wakienda sokoni waliwasalimu wakapita. Jua lilipoanza kuinama, Bitutu alinyoosha mkono, Persis akamwinua, wakaendelea kupanda mlima wakizungumza juu ya Abner: alivyokuwa mtoto, alivyopenda chumvi, na mti wa kwanza aliopata kuupasua akiwa na miaka kumi na saba, ambao ulikuwa umeoza ndani na yeye hakujua.