Bidoni Chini ya Kitanda cha Mama Buko

Siku tuliyopanga njia ya Mitwaba tulikuwa watano kwenye uwanja wa nyumba yetu, mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Mume wangu alikuwapo, aliyezeekea kazi ya reli, pamoja na kikohozi chake. Mutoto wangu wa mwisho alikuwapo, mwenye pikipiki. Muke wake naye, ambaye namuita binti yangu, kwa sababu watu wake ni watu wa kwetu kule kaskazini. Jirani yetu wa Kivu ya Kaskazini, mufanyabiashara, mutu wa kusali sana na kuuza sana. Si ndugu wa damu, lakini mutoto wake wa kwanza ni mimi nilimukata kitovu. Na mimi mwenyewe. Yule tuliyekutana kwa ajili yake hakuwapo: binti yangu wa kwanza, aliyekuwa Mitwaba.

Majina yao nayajua yote, na majina ya babu zao. Hapa mtaani mutu akikufa wananiita nije niseme nani ni nani kwa marehemu, wasigombane kwenye kilio. Lakini watoto wamenikataza kuyaandika. Wanasema wengine wako hai bado, na mambo ya vita hayaozi. Basi nitawaita kwa vile walivyo kwangu.

Binti yangu wa kwanza aliolewa na mwalimu kule Mitwaba. Mwalimu alichukuliwa na watu wenye bunduki, wa upande gani hatukuambiwa, na hakurudi. Binti akabaki peke yake, tumbo limekuwa kubwa. Ujumbe wake uliletwa na musukuma kinga, ndio wale vijana wanaosukuma baiskeli iliyopakiwa mahindi, toka pori mpaka mujini. Aliusema akiwa amesimama, akakataa kukaa: "Mama, mutoto wako anasema ivi: miguu imevimba, siwezi kukimbia na wengine. Mutume muntu anitwae mbele vita haijafika."

Wakati ule kila kitu kwetu kilikuwa kinakufa kwa zamu. Kazi ya mine, ya migodi, ilikufa kwanza, kisha treni. Mume wangu aliendelea kuvaa shati lake la kazi kila asubuhi, anaenda gare, kituo cha treni, anakaa kwenye benchi, anarudi. Kule Golf, mtaa wa matajiri, nyuma ya kuta, jenereta zilikuwa zinanguruma bado. Kwetu esanse, mafuta ya pikipiki, iliuzwa kwa chupa kando ya barabara, na nusu ya chupa ilikuwa mafuta ya taa. Makamyo, malori ya jirani, hayakupita tena Bunkeya, njiani kuelekea Mitwaba. Alikuwa ameyaegesha, na kuku walitaga mayai ndani.

Mutoto wangu alisema tangi ataijaza hapa, na ingine ataibeba nyuma ndani ya bidoni, dumu la plastiki. Jirani akacheka. Njia ile ilijaa bariere, vizuizi vya basoda, askari wa vita.

"Bidoni nyuma? Kwenye bariere ya kwanza basoda batakuuliza: hii esanse unapelekea batu gani mu pori? Weye utasema, yaya yangu, dada mukubwa, iko na mimba. Bao batasema, hata siye tuko na mimba, leta. Batabeba bidoni na pikipiki yako juu."

"Sasa tutafanya je?" mutoto akauliza.

"Bidoni inatangulia. Weye unafuata na tangi yako tu, kama muntu anaenda kusalimia watu. Basukuma kinga bakirudi kwao banabeba chumvi na sabuni. Tutaficha bidoni katikati ya sabuni. Sabuni inaua arufu."

Mume wangu akakohoa, akasema: "Weye muntu wa Kivu, siku utakufa utauza sanduku yako mwenyewe."

"Nitauza yako kwanza, papa. Njo weye unakohoa."

Tulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu sijui kama tulicheka tena hivyo, watu watano pamoja.

Kisha jirani akasema neno lililo kweli. Alisema pahali pa kuweka esanse si pahali, ni mutu. Ukiiacha kwa mutu asiye wako, kesho utakuta maji. Inawekwa kwa mutu ambaye akikuibia anajiibia mwenyewe. Hapo wote wakaniangalia mimi.

Nilitwaa vyombo vya jikoni, nikavipanga chini. Sufuria ilikuwa Lubumbashi. Sahani, Likasi: hapo kuna mudogo wangu, nyuma ya misioni. Mwiko niliulaza, ukawa muto Lufira. Kikombe, Bunkeya: hapo kuna katekista, mutoto wa shangazi ya mume wangu. Kifuniko nilikiweka mbali kabisa, karibu na miguu ya mume wangu, kikawa Mitwaba. Tulikiangalia kile kifuniko. Katikati ya kikombe na kifuniko kulikuwa na udongo mutupu.

"Hapa njo pabaya," mutoto akasema. "Kutoka Bunkeya iko muchanga. Mu muchanga pikipiki inakunywa kama mulevi. Na kurudi nitakuwa na yaya nyuma, itakunywa zaidi."

Muke wake alikuwa anachambua maharagwe. Alitwaa haragwe moja, akaliweka pale kwenye udongo mutupu.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Papa iko. Tangu mguu yake ivunjike hatokake tena ku nyumba. Papa njo atamupatia."

Ni lazima nieleze jambo, kwa wale wasio wa kwetu. Mwanaume na mama wa muke wake hawaangaliani usoni. Huyo tunamuita mama buko. Mukikutana njiani, mumoja anaingia kwenye majani mpaka mwingine apite. Hawali pamoja, hawasemi kinywa kwa kinywa. Lazima awepo mutu katikati wa kubeba maneno. Na chumba anacholala mama buko, heri uingie kaburini. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, maana yeye ndiye aliyekuzalia nyumba yako.

Mume wangu alikumbuka hilo. Aliuliza: "Na mama buko wake?"

"Mama atakimbilia mu mahindi kama siku zote," muke wa mutoto akajibu. "Mutoto wenu tangu anioe hajaona hata pua ya mama."

Tukacheka tena, na haragwe likabaki pale.

Bidoni zilienda. Kila pahali mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa wazazi wa muke wa mutoto peke yake ilifika moja, ingine ilipasuka njiani. Kila aliyepokea alituma alama, ndivyo tulivyopatana, kwa sababu maneno yanaweza kugeuzwa. Mudogo wangu alituma viazi. Katekista alituma picha ya Bikira ambayo mume wangu aliijua. Kutoka kwa wazazi wale ilikuja samaki kavu, pamoja na neno la baba: bidoni iko chini ya kitanda chetu, basoda hawatafuti chini ya kitanda cha wazee. Tulikula ile samaki. Tulisema njia imekamilika.

Mutoto aliondoka asubuhi, baada ya baba yake kumuwekea mukono kichwani. Mimi nilimufungia kiunoni kitenge, cha dada yake kujifunika njiani. Nilisikiliza pikipiki mpaka sikuisikia tena, na hata hapo niliendelea kusikiliza.

Yaliyofuata nayasema kama alivyonisimulia yeye, mara moja tu, akiangalia ukuta.

Likasi alipata bidoni yake. Bunkeya alipata yake. Kwenye kijiji cha wazazi wa muke wake alikuta milango imefungwa, watu wamekimbia. Mbele ya nyumba ya baba buko kulikuwa kaburi jipya. Homa ilimubeba muzee, baada ya samaki yake kutufikia. Na mama buko alikuwa amekaa mulangoni peke yake, kichwa kimenyolewa. Wengine walipokimbia yeye hakuweza, maana mujane ambaye kilio chake hakijafungwa haachi kaburi. Alipomuona mukwe wake anashuka kwenye pikipiki, alifanya yale aliyofanya maisha yake yote. Alikimbia, akaingia kwenye mahindi.

Mutoto wangu akageuza mugongo. Alitafuta mutu wa kubeba maneno, hata mutoto mudogo. Hakukuwa mutu. Kulikuwa mbuzi mumoja, amefungwa. Akasema na mbuzi, kwa sauti kubwa: "Weye mbuzi, umuambie mama, ninalia naye papa. Umuambie ninaenda kutwaa yaya yangu. Umuambie bidoni iko chini ya kitanda, na miye siwezi kuingia."

Mulango ulikuwa wazi. Kitanda alikiona toka pale aliposimama.

Alingoja. Aliamini mama atatoka nyuma ya nyumba, ataitoa. Basi bunduki zikasikika mbali, upande wa Mitwaba. Akatikisa tangi, akasikiliza, akajiambia labda itatosha. Akapanda, akaenda.

Haikutosha. Ilimuishia katikati ya pori. Aliisukuma kwenye muchanga, na watu walianza kuja mbele yake, wamebeba magodoro na watoto na vyungu. Kila mwanamuke mwenye tumbo alimuangalia usoni. Wanaume wenye bunduki wakamunyanganya pikipiki, isiyokuwa na tone ndani, wakamupiga kwa sababu haina tone. Alifika Mitwaba kwa miguu. Nyumba ya dada yake ilikuwa wazi. Kiti kilikuwa inje, kimeelekezwa barabarani. Mufuko wa nguo za mutoto haukuwapo.

Mwanamuke muzee aliyebaki kwa nyumba ya jirani alimuambia: "Tulimuvuta twende naye. Alisema, munitangulie, kaka yangu anakuja na pikipiki. Alikaa hapo anasikiliza. Moto ilipofika nyumba ya pili njo alisimama. Upande alienda, sikuuona, mwanangu. Moshi."

Alimutafuta, kijiji kwa kijiji, kambi kwa kambi. Alirudi hapa na malaria, na kitenge cha dada yake kiunoni, hakijafunguliwa.

Sasa ni hili la mwisho. Wakimbizi walipojaa mujini, siku moja mwanamuke mwenye nywele fupi zinazoanza kuota alisimama kwenye kona ya uwanja wetu, amegeuza mugongo. Kichwani alikuwa na bidoni. Muke wa mutoto wangu akatupa ufagio, akapiga kelele, "Mama!" Ndani ya nyumba, mutoto wangu alisikia, akatokea nyuma, akaruka ukuta wa jirani.

Mama buko aliweka bidoni miguuni mwangu. Ilikuwa imejaa, kifuniko kimefungwa kwa pila, ukanda wa mupira, kama tulivyoifunga sisi. Alisema nami, maana mimi na yeye tunaweza kuongea.

"Nilimusikia," akasema. "Maneno yote aliambia mbuzi, niliyasikia. Nilingojea aende kando kidogo, nipite niingie, nimuwekee ku mulango. Yee alikuwa anangojea nitoke. Nitoke namna gani, mukwe wangu amesimama pale, na miye kichwa wazi, na muzee hana wiki mu udongo? Alipoondoka niliingia mbio, nikaitoa. Nikaiweka ku kichwa. Nilikimbia nyuma ya sauti ya pikipiki, mama. Nilikimbia mpaka sauti ikaisha."

Aliacha kaburi la mume wake, kilio hakijafungwa, kwa ajili ya bidoni ile. Na kijana alifanya kama tulivyomufundisha toka utoto, mimi na baba yake. Natafuta mwenye kosa niweze kumuchukia, nimezeeka nikitafuta, simupati. Jirani wa Kivu alikuja, akaona bidoni, akavua kofia. Mara hiyo hakuwa na mzaha.

Mume wangu alikufa, na shati lake la reli. Mama buko anakaa kwetu mpaka leo. Mukwe wake anapita mulango wa nyuma, yeye anapita wa mbele. Maneno yao nayabeba mimi, siku zote, mambo ya chumvi na ya mvua. Neno lile moja, la siku ya mahindi na bidoni, hakuna mumoja wao aliyenipa nilibebe.

Bidoni iko chini ya kitanda changu. Esanse inakauka hata ikifungwa. Nikiitikisa inalia kidogo tu, chini kabisa.

Karibu na sikukuu ya wafu, watu wanapeleka parokia majina ya marehemu wao yasomwe kwenye misa. Mimi napeleka mengi, wananicheka kwa wingi wake. Jina la binti yangu wa Mitwaba sijalipeleka. Mutoto wangu ananiambia, "Mama, umuache apumzike." Mwaka huu mukono ulikuwa karibu kuliandika.

Ndiyo maana nimeandika haya, wewe uliyepita njia ile miaka ile. Labda nimekosea. Labda katekista alikuwa upande huu wa Lufira, labda muzee alikufa kabla ya samaki, labda kiti hakikuelekea barabarani. Unisahihishe, sitakasirika. Na kama ulikutana porini na mwanamuke mwenye tumbo, miguu imevimba, anayesimama kila mara kusikiliza pikipiki, na ukaona alifika pahali, uniambie kwamba nimekosea yote.