Minyaa Kando ya Barabara ya Manibe

Rejoice Yangi haketi mahali bila kuegemeza mgongo ukutani. Nimeona watu wa namna hiyo katika miji mingi ya mipakani, lakini yeye husema sababu yake bila kuipamba: kwao Sudani Kusini, wenye bunduki walimwona kutoka barabarani akipika uani. Alikimbia na wanawe wawili. Mumewe hakufika kwenye mto wa mpakani.

Alipofika Manibe, nje kidogo ya Arua, mzee Obitre alimwazima kipande cha ardhi kando ya barabara, ajenge kibanda na kulima karanga. Kabla hata ya kuezeka, Rejoice alichomeka vijiti vya minyaa kuzunguka uwanja wote. Misimu mitatu ya mvua ikapita, ua ukamzidi mtu kimo. Nyuma yake akaanza tena kupika nje.

Kisha, mwishoni mwa Desemba, Obitre akaja na uso uliokunjamana.

"Ua yako nazuia jua. Muhogo yangu naanika kwa mwamba iko naoza."

"Nitakata juu, baba."

"Hapana juu. Yote."

Siku mbili baadaye alipita bila kumsalimu. Siku ya tatu walikuja ndugu zake wanne. Walitembea kando ya ua wakipima kwa hatua, wakaondoka. Rejoice akafunga sufuria, mablanketi na karatasi za ukimbizi katika shuka moja. Akaenda mbio kwa Ayiko, mwenyekiti wa kijiji.

Ayiko aliwakusanya wote penye ua asubuhi iliyofuata. Akautazama ule mwamba wa kuanikia, mtupu, uliofagiwa.

"Mzee, hii muhogo nayooza iko wapi?"

Ndugu mmoja akacheka. Obitre hakucheka.

"Usinifanye mutoto, Ayiko. Mutu akipewa shamba, napanda karanga, navuna, basi. Huyu amepanda miti. Kesho watoto yake watasema shamba ni ya mama yao."

Huku ndivyo ilivyo: mmea unaokaa miaka ni ushahidi wa mwenye ardhi. Aliyeazimwa hupanda kinachovunwa. Hakuna aliyemwambia Rejoice, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuna mtu asiyejua.

"Baba, mimi hapana taka shamba," alisema. "Mimi naogopa barabara."

"Barabara itakukula?"

"Ilikula bwana yangu."

Ayiko akaamua: Rejoice aing'oe minyaa yote kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, abaki kwenye kibanda chake. Mvua zikianza, mwezi wa Machi, Obitre mwenyewe apande ua mwingine palepale, uwe wake.

"Nitapanda," alisema Obitre.

Rejoice alijifunga kanga usoni, maana utomvu wa minyaa hupofusha, akaanza. Kufikia adhuhuri barabara ilionekana yote, na yeye alionekana yote. Pikapu moja ikapunguza mwendo, vichwa vikageuka. Rejoice akaganda, shina mkononi.

Obitre aliinuka kwenye kigoda, akasimama penye pengo mpaka gari likapita.

"Ng'oa," alisema. "Mimi iko hapa."

"Na kesho, baba?"

Obitre alitazama juu, anga jeupe bila wingu. Januari ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.