Fundo la Mama

Taka zako za jana ziko wapi? Kama ulizitupa mtoni, basi zimepita mikononi mwa mwanamume mmoja ambaye wenzake humwita Upondo, kwa urefu wake na kwa ule mti wenye ndoano anaoushika kutwa. Kazi yake ni kuopoa taka zinazoelea kabla hazijaingia bandarini. Chini ya daraja umetandazwa mstari wa maboya kutoka ukingo hadi ukingo. Taka hunasa hapo, naye huzivutia mashuani: chupa, kandambili, godoro lililovimba maji.

Siku moja aliopoa mfuko mweusi uliofungwa kwa utepe wa kitambaa cha maua ya zambarau.

"Huyu kafunga kama zawadi!" nahodha alicheka. "Mama yake alimfunza kufunga, kutupa hakumfunza."

Mashua nzima iliangua kicheko, isipokuwa Upondo. Lile lilikuwa gauni kuukuu la mama yake, alilomchania vipande kwa mikono yake mwenyewe.

"Ni wa mama yangu," alisema.

Kicheko kilikatika. Nahodha alijitia kushughulika na injini. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa natania tu."

Atamkemeaje aliyemzaa? Na akinyamaza, atawatazama wenzake kwa macho gani? Jioni alikiweka kile kitambaa, bado kibichi, mezani. Mama alikitambua.

"Gari la taka linaishia ng'ambo ya daraja, mwanangu, na goti hili unalijua. Kutwa unabeba taka za watu, urudi ubebe na zangu? Nikasema nikupunguzie."

"Nimezibeba, mama."

Mama aliinamisha kichwa.

"Kuanzia kesho niachie mimi," mwanawe alisema taratibu.

Gari hilo halivuki daraja kwa sababu gani? Wanaolituma wana magoti mazima, basi hawaoni kitu!

Asubuhi iliyofuata Upondo aliamka akakuta mama hayupo, na mfuko haupo. Alikwenda kazini. Mashua ilipofika kwenye maboya, alimwona juu ya daraja, fimbo mkono mmoja, mfuko mkono wa pili. Katikati ya daraja mama alisimama, akauegemeza mfuko juu ya ukuta, mto ukipita chini yake.

Nahodha alizima injini.

Mama alihema, akajifuta jasho, akaukumbatia mfuko kifuani, akaendelea kuchechemea kuelekea ng'ambo.